Gari la Siku Gani?

"Kijana, hili ni gari la siku gani?"

Aliyeniuliza ni mzee mmoja aliyeanza kuunda modeli za magari ya mbio kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa ameinama juu ya meza yangu, mikono kaifunga mgongoni asije akagusa kitu, akilitazama Tyrrell P34 langu la kipimo cha 1/20, yaani dogo mara ishirini kuliko gari halisi. Ni lile gari la langalanga lenye magurudumu sita, manne madogo mbele na mawili makubwa nyuma. Nilikuwa nimelihangaikia miezi minne. Buluu yake iling'aa hadi taa ya mezani ikaonekana ndani yake, na mimi nilikuwa nasubiri sifa.

"La mwaka 1976, Mzee. Lile lililoshinda Sweden."

"Mwaka una siku nyingi," akasema. Akachukua kijiti cha meno, akanionyesha ubavuni, karibu na pale anapokaa dereva. "Haya maandishi ni ya Kijapani. Majina ya madereva yaliandikwa hivi kule Fuji, mbio za mwisho za msimu. Sweden hayakuwepo. Sasa hili limetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Maandishi yale niliyakuta kwenye karatasi ya stika, nikayapenda, nikayabandika. Namba 3 ya Jody Scheckter niliipenda pia, kwa kuwa ndiye dereva aliyeshinda pale Anderstorp, uwanja wa Sweden, tarehe 13 Juni 1976, na Patrick Depailler akamfuata wa pili kwa P34 nyingine. Kule Fuji mwezi Oktoba mambo yaligeuka: Depailler alimaliza wa pili, Scheckter hakumaliza kabisa. Mimi nikazichanganya Juni na Oktoba kwenye bodi moja, nikaunda gari ambalo halijapata kukimbia popote duniani.

Tangu siku ile sifungui boksi kabla sijaandika tarehe kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ukutani mbele ya meza. Hata gundi siigusi. Kwanza tarehe, kisha uwanja, kisha namba ya gari, kisha kama ni mazoezi, ni kufuzu, au ni mbio zenyewe.

Asiyewahi kufanya kazi hii anaweza kuona ni ukali usio na maana. Lakini gari la mbio si kama gari la barabarani, ambalo likishatoka kiwandani hubaki vile lilivyo mpaka lichakae. Gari la mbio hufunguliwa na kufungwa upya kila wiki. Bawa la nyuma la uwanja wenye kona nyingi si lile la uwanja wenye barabara ndefu iliyonyooka. Vioo vya pembeni huhamishwa. Tundu la hewa ya breki hupanuliwa kukiwa na joto, na kukiwa na baridi huzibwa kwa tepu, na tepu yenyewe huonekana kwenye picha, imekatwa kwa mkono, pembe moja imeinuka. Mdhamini mmoja huingia, mwingine huondoka katikati ya msimu. Halafu kuna nembo za sigara. Magari mengi ya miaka ya sabini, themanini na tisini yalizibeba, lakini zilikuwepo nchi ambazo sheria zake zilizuia matangazo ya tumbaku, na huko gari lile lile lilikimbia bila jina la sigara, rangi zikiwa ni zile zile. Siku hizi watengenezaji wengi wa seti za modeli hawaziweki nembo hizo, kwa hiyo wengi wetu hukimbilia kununua stika za ziada ili gari "likamilike". Mara nyingine halihitaji. Mara nyingine, siku ile, lilikuwa tupu kweli.

Mtego mwingine ulioninasa mara mbili ni picha za magari yaliyokarabatiwa. Ukitafuta picha za gari la zamani utapata mamia kwa mamia, safi, zenye mwanga mzuri, za kila upande. Nyingi zimepigwa kwenye maonyesho au makumbusho, miaka thelathini baada ya mbio. Mikanda ya kiti ni mipya, kwa sababu hakuna atakayemruhusu mtu kuendesha na mikanda ya enzi zile. Kizima moto ni cha kisasa. Rangi imepigwa upya na kung'arishwa kuliko ilivyowahi kung'aa ilipokuwa kazini. Ukiliiga gari hilo umeiga kazi ya mkarabati, na ni kazi nzuri, lakini si kile ulichokikusudia. Sasa naanza na picha mbaya: zenye chembechembe, zilizopigwa gari likiwa kasi, zenye fundi amesimama mbele ya nusu ya gari. Zile safi nazitumia kuelewa tu kwamba bomba fulani linatoka wapi na kuingia wapi.

Hesabu ndiyo iliyonibadilisha mikono.

Miaka ya mwanzo nilipaka rangi kama mtu anayepaka geti. Mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kisha vanishi juu yake mpaka bodi ionekane imelowa. Nikidhani kung'aa ndiko uzuri. Siku moja nilikaa na kikokotoo nikagawanya. Katika kipimo cha 1/24, rangi yenye unene wa milimita 0.1 ni sawa na rangi ya milimita 2.4 kwenye gari halisi. Hakuna gari lililopakwa rangi nene kama sarafu. Mwanya kati ya mlango na bodi, ambao kwenye gari halisi ni kama milimita 4, kwenye modeli unapaswa kuwa milimita 0.17. Mwanya huo ukipokea mikono minne ya rangi na vanishi unajaa, unakuwa mfereji wa duara kama alama ya kidole kwenye udongo, na jicho linajua kuna kitu hakiko sawa hata kama mwenye jicho hajui ni nini. Unywele mmoja wa kichwani, wenye unene wa kama milimita 0.07, ukinasa ndani ya vanishi umeweka kamba ya karibu milimita 1.7 juu ya boneti.

Kwa hiyo nilianza kupunguza. Kabla ya rangi napitisha chombo chenye ncha ya kuchonga kwenye kila mwanya, taratibu, mara tano au sita bila kukandamiza, ili uwe na kina cha kutosha kubaki wazi rangi ikishapita. Ukikandamiza mara ya kwanza ncha inatoka nje ya njia na kuacha mkwaruzo katikati ya mlango, na mkwaruzo huo utakula jioni nzima ya puti na msasa. Rangi yenyewe naipuliza kwa brashi ya hewa ikiwa nyepesi kama maziwa. Mkono wa kwanza ni ukungu tu, plastiki bado inaonekana chini yake, na hapo ndipo vidole vinapowasha kutaka kuongeza. Naondoka chumbani. Nafanya kitu kingine.

Mabawa nayo. Kwenye seti nyingi ukingo wa nyuma wa bawa una unene wa kama milimita moja, kwa sababu plastiki inayoyeyushwa na kusukumwa kwenye kalibu haiwezi kufika mahali pembamba sana. Zidisha kwa 24: bawa lenye ukingo wa sentimita 2.4. Bawa halisi la bati la alumini lina ukingo ambao ungekukata kidole. Nasugua upande wa chini tu, usioonekana sana, kwa msasa namba 400 uliobandikwa kwenye kipande cha kioo, mpaka ukingo upitishe mwanga kidogo nikiuinua mbele ya taa. Kazi hiyo moja, isiyogharimu chochote, hulibadilisha gari kuliko seti nzima ya vipande vya ziada vya chuma. Nikikutana na anayeanza, namwambia asugue mabawa kwanza, hayo mengine yatafuata.

Rangi zina tabia zake na nyingine nilizijua kwa machozi. Nilipiga rangi nyeupe juu ya bodi iliyotengenezwa kwa plastiki nyekundu. Jioni ilikuwa nyeupe kama pamba, asubuhi ilikuwa ya waridi. Rangi ya ndani ya plastiki ilipanda kupitia praima, na kila nilipoongeza mkono mmoja wa nyeupe ilipanda tena. Dawa yake ni kupiga kwanza rangi ya fedha, ambayo huwa kama ukuta kati ya vitu viwili hivyo, kisha nyeupe. Mara nyingine nilipiga rangi yenye thina kali juu ya ile ya mafuta ambayo haijakauka ndani, uso wote ukakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Rangi ya mafuta unaweza kuigusa kesho yake ukaona imekauka, kumbe chini bado laini kwa wiki nzima. Siku hizi nainusa. Ikiwa bado inanuka, haijakauka, hata kidole kiseme nini.

Na kuna nyekundu ya McLaren ya mwaka 1988, lile gari la MP4/4 la Ayrton Senna na Alain Prost lililoshinda mbio 15 kati ya 16 za msimu. Picha zinaonyesha nyekundu ya kawaida. Ukweli ni kwamba ilikuwa nyekundu inayowaka, iliyoegemea kwenye rangi ya chungwa, na filamu na televisheni za wakati ule ndizo zilizoigeuza ikaonekana nyekundu safi. Aina hiyo ya rangi ni nyepesi mno. Haifuniki chochote. Inahitaji nyeupe safi chini yake na mikono mingi myembamba, na popote penye doa la kijivu kwenye nyeupe, doa litaonekana hadi mwisho. Langu lilitoka vizuri. Nililifurahia kiasi kwamba nililiweka kwenye rafu ya karibu na dirisha ili nilione kila nikipita. Miezi kadhaa baadaye nililigeuza kufuta vumbi nikakuta ubavu mmoja unawaka na mwingine umefifia, umekuwa kama ulimi wa mgonjwa. Jua hula rangi za namna hiyo. Lilivyo ndivyo nililiacha, lakini nimelihamishia ndani zaidi.

Kuhusu vanishi ya sehemu mbili nasema bila kupunguza maneno. Ni ile ya kuchanganya na kigumushi, na inang'aa kuliko yoyote. Kigumushi chake kina isosayaneti, kemikali inayoweza kuleta pumu ambayo haiondoki tena. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Mimi niliipuliza chumbani dirisha likiwa wazi, nikidhani dirisha linatosha, nikakohoa siku mbili usiku na mchana na kifua kikabana kama kimefungwa kamba. Nilipona. Sasa navaa barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke hata nikipuliza praima ya kawaida, na vanishi hiyo sikuirudia. Ya sehemu moja inanitosha: naipiga kwa mikono myembamba, naiacha wiki mbili, nausugua uso kwa msasa wa namba 3000 wenye maji mpaka ufe mng'ao wote uwe kama yai lililomenywa, kisha naung'arisha kwa krimu na kitambaa laini. Pembeni na kwenye migongo ya bodi sisugui kabisa, maana hapo ndipo rangi huwa nyembamba kuliko kote, na ukipita mara mbili tu umeshafika kwenye praima.

Stika za maji zina moyo wa karatasi, ukizilazimisha zinachanika. Kwenye gari la mbio ndizo gari lenyewe, ukiziondoa unabaki na umbo lisilojulikana ni la nani. Unaikata, unaiweka kwenye maji ya uvuguvugu sekunde chache, unaitoa na kuiacha juu ya kitambaa mpaka iteleze yenyewe. Kosa langu la muda mrefu lilikuwa kuiacha ielee majini mpaka iachane na karatasi. Gundi yote inabaki kwenye maji, stika inakauka ikiwa na hewa chini yake, na hewa hiyo hung'aa kama magamba ya samaki pale penye sehemu isiyo na rangi. Siku hizi nasubiri iteleze tu, naihamisha pamoja na karatasi yake mpaka mahali pake, kisha naivuta karatasi chini yake. Bodi lazima iwe laini kama kioo. Kwenye uso wenye chembechembe hakuna stika itakayolala.

Pale penye mikunjo kuna maji maalumu ya kulainisha. Ukiyapaka, stika inakunjamana vibaya sana kwa dakika kadhaa, na kila mtu mara ya kwanza hushtuka akaigusa. Usiiguse. Toka kabisa. Ukirudi itakuwa imejinyoosha na kuingia kwenye kila mwanya kama imepakwa kwa brashi. Mimi niliigusa. Ilikuwa stika kubwa ya ubavuni, ya seti ya zamani ambayo haitengenezwi tena, na ilibaki kwenye kidole changu vipande vitatu. Tangu hapo karatasi ya stika ya zamani naipulizia vanishi nyembamba kwanza, kisha naijaribu kwa nembo moja ndogo nisiyoihitaji kabla ya kugusa zile kubwa.

Vioo vya modeli sivisogezei gundi ya papo hapo, ile inayoshika kwa sekunde chache. Mvuke wake hutua kwenye plastiki angavu na kuacha ukungu mweupe usiofutika. Nilipoteza kioo cha mbele kizuri kwa namna hiyo, kwa tone moja nililoliweka kwenye kiti cha dereva, wala si kwenye kioo chenyewe, kisha nikafunga bodi haraka. Gundi nyeupe ya mbao inashika vioo vizuri na ikikauka haionekani.

Sasa nyaya. Waya wa plagi kwenye injini halisi una kipenyo cha kama milimita 7 au 8, kwa hiyo katika 1/24 unahitaji wa milimita 0.3. Nilipata waya wa namna hiyo ndani ya kipokea sauti cha masikioni kilichoharibika. Porsche 917, gari jingine la mbio nililoliunda, ina injini ya silinda 12 zilizolala, na kila silinda ina plagi mbili. Nyaya 24. Nilitumia wiki tatu nikitoboa matundu kwa keekee ya vidole, kuingiza, kupinda, kutia tone la gundi kwa ncha ya sindano. Kwa wiki hizo nilikuwa mtu mwenye furaha sana, nakiri. Nilipofunika bodi ya nyuma nikachungulia: unaona feni kubwa iliyolala juu ya injini, unaona nyaya chache zilizo juu, na zile za plagi za chini hakuna jicho litakalozifikia tena isipokuwa uligeuze gari na kuling'oa sakafu. Sijutii. Lakini ningejua mapema ningeutumia muda huo kwenye feni, maana langu lina mapezi manene kama ya feni ya kupozea chumba, na hilo kila anayetazama huliona kwanza. Kabla ya kuanza injini yoyote sasa nafunika bodi ikiwa kavu, bila gundi, naweka tochi, natazama kwa jicho moja kila upande, na kila kinachoonekana nakitia alama ya kalamu.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni uchafu, na hapo ndipo tarehe inapolipa.

Nilichagua Mazda 787B namba 55, rangi ya chungwa na kijani, iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1991 ikiendeshwa na Johnny Herbert, Volker Weidler na Bertrand Gachot. Injini yake haina pistoni za kupanda na kushuka, ina rota nne zinazozunguka. Tarehe niliyoibandika ukutani ilikuwa 23 Juni 1991, saa ya kumaliza, baada ya mizunguko 362. Gari hilo limetunzwa, na mwaka 2011 lilikarabatiwa na kurudishwa Le Mans kuzunguka mbele ya watu, likiwa linang'aa. Mimi nililitaka lile lililokuwa limechoka.

Nilipuliza juu ya gari safi vanishi isiyong'aa sana, nikaliacha likauke, kisha nikakaa siku tatu bila kulipaka chochote. Nilitazama picha tu. Nilikuwa nimezoea kuchafua kwa kupaka kote kidogo kidogo, na gari likawa kama limetoka machimboni. Uchafu wa mbio hauko hivyo. Una mwelekeo. Kila kilicholigusa gari likiwa kwenye mwendo kimevutwa kwenda nyuma na kupanda juu kidogo: vipande vya mpira wa matairi vilivyokwaruza nyuma ya magurudumu ya mbele, wadudu kwenye pua na kingo za taa, vumbi jeusi la breki lililojaa ndani ya rimu. Lakini kila kilichotokea gari likiwa limesimama kimetiririka chini moja kwa moja. Mafuta yaliyomwagika kwenye mdomo wa tangi wakati wa kujaza hushuka wima ubavuni, na gari likiondoka hupindishwa na upepo kuelekea nyuma. Kwenye mchirizi mmoja kuna kituo na kuna kuondoka. Nilipoliona hilo kwenye picha moja ya gari jingine la zama zile niliinuka kwenye kiti.

Niliuchora mchirizi huo kwa brashi yenye nywele chache na rangi ya mafuta ya wachoraji iliyolegezwa kwa thina, kahawia iliyokaribia kutoonekana. Wima kwanza, kama milimita tano, kisha kona laini kwenda nyuma. Niliufuta mara nne. Mara ya tano nikauacha. Kwenye kioo cha mbele nilikata karatasi umbo la njia ya waipa, nikaishikiza kwa unyevu tu, nikapuliza vumbi jembamba, nikaiondoa: katikati safi, pembeni ukungu. Kwenye kingo za mbele nilidonoa kwa kipande cha sifongo kilichochovywa kwenye rangi na kufutwa mpaka kikauke karibu chote, vitone ambavyo ukivitafuta huvioni ila ukivitazama kwa mbali unajua gari limepigwa na changarawe usiku kucha. Matairi niliyapitishia msasa kwenye sehemu inayogusa barabara, kwa sababu tairi lililotumika halina mng'ao.

Ekzosi nilizipaka kwa mpangilio wa chuma chenyewe kinapopata joto. Joto likipanda, rangi huanza na manjano hafifu, ikaenda kahawia, ikaenda zambarau, ikaishia buluu. Nimeona modeli nyingi ambazo buluu iko mbali na injini na manjano iko karibu, na hizo zimegeuza moto nyuma mbele.

Binti yangu aliingia nikiwa namalizia. Akalitazama kwa muda.

"Baba, mbona umelichafua? Si ulisema limeshinda?"

"Limeshinda, mama. Limekimbia usiku kucha."

"Na dereva naye alichoka hivi?"

Nikamweleza kwamba Herbert, aliyeendesha hadi mwisho, alitoka kwenye gari akiwa ameishiwa maji mwilini, akaanguka, na wenzake wakapanda jukwaani bila yeye. Akaomba kitambaa cha kufutia. Nikadhani anataka kulisafisha gari, kumbe anataka kufuta tone la rangi lililoangukia meza.

Mzee alipolitazama lile la Mazda hakuuliza siku. Aliinama, mikono mgongoni, akaufuata ule mchirizi wa mafuta kwa macho kutoka tangini hadi nyuma. Kisha akaanza kunieleza habari za matairi ya vinaili ya seti za zamani, jinsi yanavyoyeyusha rimu za plastiki taratibu kwa miaka, akanishauri nipake rimu rangi nzuri na kuacha safu nyembamba ya kizuizi kati yake na tairi. Nikaandika.

Sasa hivi ninalo mezani gari la timu ndogo iliyokimbia mbio chache tu kisha ikavunjika. Tarehe imebandikwa ukutani tangu mwaka jana. Nina picha kumi na moja za siku ile, na zote kumi na moja zimepigwa kutoka upande wa kulia. Najua ubavu wa kulia mpaka skrubu moja iliyopungua kwenye mlango. Wa kushoto sijui hata kama walibandika namba juu au chini ya tundu la hewa. Nimewaandikia watu watatu ninaowajua kwenye kazi hii, mmoja amesema huenda ana filamu ambazo hajazisafisha. Kwa hiyo bodi iko ndani ya sanduku lisiloingia vumbi, kulia kumekamilika, stika zimelala, vanishi imekauka, na kushoto ni nyeupe tupu.